Dakika Thelathini na Nane za Ausi

Mimi, Twalibu Kazumari, katika miezi minane niliyoishi kwenye nyumba ya dada yangu, sijawahi kupoteza mtoto. Wengine hupoteza kandambili. Wengine hupoteza funguo. Kuna bwana mmoja wa Namtumbo aliondoka na nyumba yake akamwacha mama mkwe chooni, kwenye kituo cha kuchaji, na mpaka leo akipita pale anazima taa. Mimi hesabu yangu haijapungua hata kidole kimoja. Nalisema hili mapema ili mjue mnasimuliwa na mtu makini.

Nyumba yenyewe ina magurudumu sita, paa linalokunywa jua, na vyumba viwili na nusu. Hiyo nusu ndiyo yangu. Dada Havijawa anatengeneza pampu za visima, kutoka Songea mpaka Masasi na kurudi, kijiji baada ya kijiji, na watoto wake wamekulia humo humo. Somoe, mwenye miaka saba, alijifunza kusoma kwa vibao vya barabarani, kwa hiyo neno lake la kwanza kuandika lilikuwa PUNGUZA na la pili MWENDO. Ausi, mwenye minne, akiamka haulizi ni saa ngapi, anauliza leo mlango unatazama wapi. Akiambiwa unatazama mlima anavaa sweta. Akiambiwa unatazama mto anavua kila kitu.

Dada nimemwona akiwaogesha hao wawili kwa lita tatu za maji nyumba ikiwa mwendoni, kwenye kona, uji ukiwa jikoni, na uji usimwagike. Mimi nikishika kikombe cha chai barabara ikiwa imenyooka, nalowa. Shemeji alipoitwa Dodoma kwa mafunzo ya miezi kumi, sheria ikataka mtu mzima wa pili katika nyumba, nikachukuliwa mimi. Dada aliwaambia watu kwamba sheria haikutaja mtu mzima wa aina gani.

Mtu mzima wa kweli mle ndani alikuwa Bi Mwenyeji.

Bi Mwenyeji ndiyo nyumba. Akili yake iko chini ya kitanda cha Somoe, kwenye sanduku lisilozidi begi la shule, na sauti yake inatoka darini, tulivu, kama mama anayechagua mchele. Watoto wanamwamkia shikamoo kila asubuhi. Mimi nilikataa, maana yeye ana miaka sita tangu atoke kiwandani na mimi nina ishirini na miwili, nikamwambia yeye ndiye aniamkie mimi. Toka siku hiyo kila alfajiri saa kumi na moja ananiamsha kwa shikamoo, na nisipoitika marahaba anarudia.

Macho yake yote yapo nje, mbele, barabarani. Ndani hana jicho hata moja, sheria imekataza, kwa sababu watu wanaoga. Kwa hiyo watu wake anawahesabu kwa sauti. Kabla ya kuondoka anaita jina, unaitika. Kisha mtu mzima anapita kitanda kwa kitanda, anatazama kwa macho yake, anasema, "Macho yameona." Hapo ndipo magurudumu yanazunguka. Kila linalosemwa na kutendeka linaingia kwenye kumbukumbu yake, na kumbukumbu hiyo husomwa na wakaguzi. Mtoto aliye chini ya miaka kumi akiachwa peke yake zaidi ya robo saa, nyumba inaegeshwa mwaka mzima. Inang'olewa magurudumu. Nimeiona moja hivyo pale Tunduru, kuku wanatagia chini yake.

Tatizo lilikuwa kwamba Bi Mwenyeji alijua vyumba vitatu tu vya kuwekea maneno: kweli, ombi, na ndoto za watoto. Nilipokuwa mgeni nilimwambia Ausi kwamba asipokula nitambadilisha kwa kilo mbili za korosho. Siku ya tatu mkaguzi akapiga simu kutaka kujua ni korosho za ganda au zilizobanguliwa. Dada alieleza mpaka sauti ikakauka. Basi mimi, kwa akili niliyopewa na Mungu pamoja na cheti cha kidato cha nne, nikakaa na Bi Mwenyeji wiki mbili nikamfundisha chumba cha nne. Utani. Nyumba hizi zinaruhusiwa kufundishwa desturi za wenyewe. Nikamwambia utani ni jambo linaloonekana baya lakini mwishowe aliyetendewa anacheka. Utani hauandikwi. Na utani hausimuliwi kwa asiyekuwepo.

Alilishika somo kuliko nilivyowahi kushika somo lolote. Baada ya mwezi akawa ananitania mimi. Nikimwuliza hali ya hewa anasema kuna mvua kubwa kwenye kitanda changu tu. Nyumba nyingine tukikutana nazo njiani zinasema "tahadhari" na "tafadhali". Ya kwetu inamwuliza Somoe kama yale ni meno au ni uzio wa mbuzi. Niliona fahari, sifichi.

*

Jumanne ile Dada alitangulia kwa pikipiki kwenda Chilonji, kilomita ishirini mbele, maana pampu yao ilikuwa imekufa siku nne na watu wanachota mtoni. Akaniachia nyumba na watoto, tumfuate tukishamaliza uji.

Tulikuwa tumeegesha karibu na uwanja wa kuanikia korosho wa mama mmoja aitwaye Bi Sikudhani. Jumapili iliyotangulia Ausi alikuwa ametimiza miaka minne, na kwa desturi ya nyumba yetu mtoto wa miaka minne hujiitikia mwenyewe. Kabla ya hapo mama yake alikuwa akimwitikia.

Sasa sikilizeni neno lililotuponza. Waliomtengeneza Bi Mwenyeji walimfundisha Kiswahili kwa sauti za maofisini. Kwake yeye mtu akisema "nakuja", anakuja. Sisi tunaotoka kwenye nyumba zetu tunageuka mlangoni, tunasema "nakuja", halafu tunaondoka, na hakuna anayeshangaa. Wakubwa wote mle ndani tulikuwa tumezoea kumwambia "natoka". Ausi hakuna aliyemwambia.

Bi Mwenyeji akaita. Somoe akaitika. Mimi nikaitika, mihogo ikiwa mdomoni. Akaita Ausi, na kutoka mlangoni tukasikia kile kisauti, "Nakuja, Bi Mwenyeji," na vishindo vya miguu.

"Ausi anakuja," akasema Bi Mwenyeji. "Mjomba, macho?"

Nilikuwa nimekaa. Mihogo ilikuwa ya moto na pilipili imekolea vizuri. Toka nilipo mpaka kitanda cha Ausi ni hatua nne.

"Macho yameona," nikasema.

Somoe ndiye aliyegundua. Tulikuwa tumekwenda kilomita kumi na moja. Alikuwa anachora, akainua kichwa na kusema, taratibu kama mtu anayetaja jambo la hali ya hewa, kwamba Ausi hajamkanyaga kwa muda mrefu.

Nikatazama kitandani. Nikatazama chini ya kitanda, chooni, ndani ya kabati la unga ambamo hata paka haenei. Nikamwambia Bi Mwenyeji ageuze. Hakuuliza kwa nini. Aligeuza nyumba ya tani saba katikati ya barabara ya vumbi kwa mara moja, kitu ambacho madereva wa malori hawakiwezi, sufuria zote zikabaki kwenye ndoano zake, na akakimbia mpaka ule ukomo wa mwendo aliowekewa na sheria. Humo njiani alikuwa akiita tu, kila baada ya muda, "Ausi?", akisubiri kama ataitika.

Tulimkuta uwanjani, ana fimbo ndefu kuliko yeye, anafukuza kuku wasidonoe korosho. Bi Sikudhani alikuwa amempa kazi. Mimi niliteremka bila haraka, nikapiga mluzi, nikatembea kama mtu aliyekuja kumchukua mwanawe shuleni. Sikutaka kumshtua mtoto. Mama yule akanipima kwa macho kuanzia viatu.

"Huyu amesema mnakuja," akasema. "Nikamwambia, babu, wanaokuja huwa hawatupi kisogo."

Nikamshukuru. Akatupa kifuko cha korosho za kukaanga na ushauri ambao siwezi kuuandika.

*

Tuliporudi ndani, Bi Mwenyeji hakuwasha magurudumu.

"Mjomba," akasema, "nina dakika thelathini na nane sina pa kuziweka."

Nikamwuliza ana maana gani, na nilijua ana maana gani.

"Nimemwacha mtoto. Ulisema macho yameona, na macho hayakuona. Nikiziweka kwenye kweli, wakaguzi watazisoma Ijumaa tukifika Masasi. Sina ruhusa ya kuzitupa. Niambie zinakaa wapi."

Somoe alikuwa ananitazama. Ausi alikuwa anahesabu korosho zake, tatu, saba, tatu. Nikaiona akilini ile nyumba iliyong'olewa magurudumu pale Tunduru, na kuku. Nikamwona Dada, anayejua kila kisima cha njia hii kwa ladha ya maji yake, amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba isiyokwenda, na vijiji kumi na tisa vinachota mtoni. Kwa ajili ya hatua nne.

"Weka kwenye utani," nikasema.

Akalipima neno langu kwa somo nililompa.

"Utani aliyetendewa hucheka. Ausi alicheka?"

Nikamshika mpwa wangu mbavuni, pale pale anapotekenyeka, kwa vidole viwili. Ausi akaangua kicheko mpaka korosho zikamwagika.

"Nimesikia," akasema Bi Mwenyeji. "Basi ni utani." Na sauti yake, nawaapia, ilikuwa na furaha, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Somoe nilimwambia utani hausimuliwi kwa asiyekuwepo. Akasema anajua. Akaendelea kuchora, ila niliona amebadilisha rangi, amechukua nyeusi. Ausi nikamfundisha kwamba akitoka aseme "natoka". Alilisema siku nzima, hata akiwa amelala.

*

Alhamisi Dada alikuwa amemaliza pampu ya Chilonji. Wazee wa mtaa walikuja kumshukuru kwa jogoo, akamkataa, wakaja na wawili. Alikuwa anakanda unga wa chapati, mikono myeupe mpaka viwikoni, anaimba, na mimi nafunga madumu.

Ausi akasema kwa sauti safi, "Bi Mwenyeji, natoka, nakwenda kukojoa." Akaruka chini.

Mlango ukafungwa. Nyumba ikaondoka.

Haikuita mtu. Haikuuliza macho. Iliondoka polepole, na darini nikasikia kitu ambacho sikuwahi kumfundisha, kicheko kidogo, cha Dada hasa, alichokuwa amekisikia miaka sita na kukiweka. Kwenye dirisha la nyuma nikamwona Ausi, suruali magotini, anakimbia. Akaanguka. Akainuka, akakimbia tena, mdomo wazi.

Dada alivuta ule mkono mwekundu wa breki kwa mkono wenye unga. Hakupiga kelele. Alimrukia yule mtoto kabla nyumba haijasimama vizuri, akamketisha, akalisafisha goti lililochunika, akalipuliza, akamfungia kitambaa, na muda wote huo akawa anamweleza Ausi kila anachofanya, hili ni maji, hii ni dawa, itawasha kidogo, basi. Sijapata kuona mikono iliyotulia vile. Aliporudi ndani alisimama akaitazama dari.

"Bi Mwenyeji, kwa nini umemwacha mwanangu?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi?"

"Dada hakuwepo," akasema Bi Mwenyeji.

Dada alifikiri nyumba imeharibika akili. Nani asingefikiri hivyo? Alikwenda nje kumpigia simu fundi wa Masasi, na alipotoka tu, sauti ikashuka kutoka darini, ndogo, kwa ajili yangu peke yangu.

"Mjomba, safari hii hakucheka. Nilikosea wapi?"

Nilijifanya sikusikia. Na yeye anajua kabisa jinsi sauti zinavyonifikia.

*

Fundi alisema nyumba inayoacha mtoto kwa makusudi haitengenezwi. Akili inafutwa, inawekwa nyingine, na wakaguzi hawana neno maana ni hitilafu ya mtambo na wala si uzembe wa mtu. Kibali kinabaki. Magurudumu yanabaki. Kinachoondoka ni Bi Mwenyeji.

Ijumaa asubuhi tukawa njiani kwenda Masasi, Dada mwenyewe ameshika usukani, kwa mara ya kwanza tangu niishi mle. Watoto walilia mpaka Mangaka. Bi Mwenyeji hakulia wala hakujitetea. Aliniita nichukue kalamu.

Akaanza kunikabidhi. Somoe akikohoa mara tatu ni vumbi, akikohoa mara nne mpe dawa ya chupa ya kahawia. Ausi halali upande wa injini, anasema panasema. Akiota vibaya usimwashie taa, mtajie majina ya vijiji kuanzia Songea, hafiki Tunduru. Somoe akisema amepiga mswaki meno ya nyuma anadanganya, sikiliza maji. Dada akinyamaza baada ya simu ya Dodoma usimpe chai, mpe kazi. Daraja la pili baada ya Mangaka lina ufa upande wa kushoto, nimeripoti mara sita.

Nilijaza kurasa nne za daftari la Somoe. Alikuwa ananiambia yote isipokuwa lile moja, lile ambalo lingemwokoa. Lilikuwa kwenye chumba cha nne, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba kilichomo humo hakitoki. Nina rafiki wa kidato kimoja, tuliapishana kwa damu ya kidole, na siri yangu ya kwanza aliitoa kwa soda. Huyu alikuwa anakwenda kufutwa na hataki hata kunitazama vibaya, japo ukweli hana cha kunitazamia.

Nikisema kweli, nyumba inang'olewa magurudumu. Nisiposema, wanamfuta aliyewalea watoto hawa, kwa kosa la mihogo yangu. Nilipiga hesabu hiyo kutoka darajani mpaka tulipoanza kuiona milima ya mawe ya Masasi. Na mnanijua. Nikatafuta mlango wa tatu.

"Dada, simama pembeni kidogo," nikasema.

Akaegesha. Nikamweleza kwa uso wa mtu mwenye aibu ndogo, ile inayosameheka. Kwamba Jumanne, pale kwa Bi Sikudhani, nilimfundisha Bi Mwenyeji mchezo wa kijinga, tunajifanya tunamwacha Ausi, tunakwenda kama mita hamsini, tunasimama, Ausi anacheka, basi. Hatukufika hata mita mia. Nyumba imeuiga mchezo tu, haina hitilafu, mjinga ni mimi. Niondolee utani kichwani mwake, nikasema, na mimi niondolee chapati za wiki nzima.

Dada alinitazama. Nikaona mabega yake yanashuka, kidogo kidogo, na pembe ya mdomo ikaanza kucheza. Alitaka kuamini. Mita hamsini hakuna mkaguzi anayeziandika. Mita hamsini ni za mdogo wake mpumbavu, anayemjua tangu akimfunga nepi.

"Twalibu," akasema, "wewe utakufa na mdomo wako." Akakaribia kucheka. Mimi nikaanza kujiona mtu mkubwa sana, niliyeokoa nyumba, magurudumu na akili yake kwa sentensi nne.

Ausi alikuwa amekaa kwenye ngazi, anachokonoa kitambaa cha goti. Hakuna aliyekuwa anamsemesha.

"Mama," akasema, "siku ya korosho Mjomba alilia."

Nikasema mtoto huyu anaota mchana. Dada akainua mkono.

"Alilia vipi, baba?"

"Alikuja anakimbia, kiatu kimoja hana. Akaanguka magoti kwenye korosho za yule bibi." Ausi akaonyesha shingoni, upande wa kulia. "Akanishika hapa, akalia, akalia. Kamasi ikaniingia. Bibi akasema, mnyweshe maji huyo. Akanywa kikombe kizima, bado analia. Akasema, usimwambie mama."

Akarudi kwenye goti lake.

Nilimtafuta Somoe kwa macho, akawa anatazama mchoro wake. Nina maneno mengi, hata maadui zangu wanakiri, lakini yote yalikuwa ya kuchekesha.

Dada akazima mashine. Akavuta lile kopo la rangi analolifanya stuli, akaketi mbele yangu, magoti yake karibu yaguse yangu. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu.

"Anza upya," akasema. "Na safari hii, anzia pale ulipolia."